Ghalati ya Rangi Tatu Chini ya Kifuniko Kimoja

Katika maamuzi yote yaliyopata kufanywa na mafundi wanaotuundia printa za wino za nyumbani, hakuna, kwa rai yangu, lililo baya kuliko lile la kutia samawati, majenta na njano ndani ya katriji moja, kila rangi katika chumba chake lakini zote tatu zikiwa na hatima moja, kisha mashine hiyo ikauzwa kwa mtu aliyekwisha kusema wazi kwamba haja yake ni kuchapa rangi juma hata juma. Wasomaji wa safu hii wanazijua mashine ninazozikusudia, na aghalabu wamewahi kuzimiliki, kwa hiyo sitakawia kuzieleza. Nitakawia katika uamuzi wenyewe, kwani ndimo ilimo hasara.

Ni picha chache mno duniani zinazokula rangi tatu kwa usawa. Mtoto akichapa ramani ya Bahari ya Hindi kwa ajili ya darasa lake, samawati ndiyo inayokwisha. Mama yake akichapa kadi za arusi zenye maua mekundu, majenta na njano hutoka kwa wingi na samawati ikabaki imetulia chumbani mwake. Basi siku samawati inapokauka, bahari huchapwa waridi, majani hugeuka manjano, na kijivu, ambacho hupatikana kwa mizani ya rangi zote tatu, huelemea wekundu hata nyuso za watu zikaonekana kama zimeunguzwa na jua. Mwenye mashine hana tadbiri yoyote ila kuing'oa katriji nzima na kuitupa, hali majenta na njano zingali ndani yake, nazo alizilipia kwa bei ile ile aliyoilipia samawati iliyokwisha. Hiyo ni israfu iliyokusudiwa tangu mchoro wa kwanza wa mashine, wala mnunuzi hana namna ya kuiepuka kwa uangalifu wake. Fauka ya hayo, tundu za rangi moja zikiziba na mashine ikaamrishwa kujisafisha, aghalabu wino huvutwa katika vyumba vyote vitatu, vizima na vigonjwa pamoja.

Tutazame hesabu. Katriji ya rangi ya HP 123, itumikayo katika Deskjet 2130, hukadiriwa na kiwanda chenyewe kuwa yatosha kurasa 100 hivi, na makadirio ya namna hiyo hufuata kanuni ya ISO/IEC 24711, yaani kurasa za mfano kuchapwa mfululizo. Nyumbani hakuna achapaye mfululizo: mashine huzimwa, huwashwa, hujisafisha, na kila mara kitone cha wino huenda kisikochapa kitu. Nayo seti ya chupa za Epson 664, za kujazia printa za tanki, kila chupa mililita 70, hutangazwa kutoa kurasa 6,500 za rangi. Anayeziona tarakimu hizi mbili zikikaa pamoja, kisha akamshauri mwenye nyumba achapaye kila juma anunue ile ya kwanza kwa sababu mashine yake ni rahisi dukani, amemdhulumu.

Watetezi wana hoja yao, nami naipa haki yake. Husema kwamba katika katriji hizo kichwa cha kuchapia kimeungana na wino, kwa hiyo kila katriji mpya huleta kichwa kipya, na kichwa kilichoziba huondoka na katriji kuukuu. Ni kweli, na kwa mtu achapaye mara moja katika miezi miwili ni faida kubwa. Lakini achapaye mara kwa mara hana hofu ya wino kukaukia tunduni, maana wino wake unapita daima. Kinga hiyo haimhusu, naye ndiye anayeilipia kuliko wote.

Tena lisemwe kwamba njia bora ilikuwa imekwisha kuonekana zamani. Mwaka 2004 Canon walitoa PIXMA iP4000, mashine ambayo sijaona mrithi wake wa haki: vyombo vitano vya wino, kila kimoja peke yake, vyenye kuta angavu hata mtu akaona kwa macho yake kilichobaki, wala havina chipu. Kilichokwisha ndicho kilichobadilishwa. Mwaka uliofuata vyombo vya mashine zilizoifuata vikatiwa chipu, na tangu hapo neno la mwisho juu ya wino limehama kutoka jicho la mwenye mali kwenda kwa chombo cha kiwanda. Safu hii ililalamika na haitaacha kulalamika, kwani mlango ule ule ndio uliopitiwa tarehe 13 Septemba 2016, OfficeJet za HP zilipokataa kwa ghafula katriji za viwanda vingine ambazo jana yake zilikuwa zikichapa vizuri. Kampuni ikalazimika kutoa programu ya kuondoa kizuizi.

Epson nao wanastahili sifa, kwani walianza kuuza printa za tanki Indonesia mwaka 2010. Kasoro ya mashine zao za mwanzo ilikuwa sponji ya kupokea wino wa kusafishia, ambayo ilijaa na kuhitaji fundi.

Basi wewe unayekwenda dukani kutafuta mashine ya kuchapa rangi nyumbani, usianze na bei iliyobandikwa. Mwombe muuzaji afungue kifuniko, uhesabu vyombo vya wino. Ukiona rangi tatu zimo katika katriji moja, iache mashine hiyo hata ikiwa bei yake ni nusu ya nyenzake. Ukipata yenye matanki manne yaliyotengana, inunue, na kila juma uchape ukurasa mmoja wa kujaribu matundu, kwani kichwa chake hakibadilishwi pamoja na wino.