Tiketi ya Basi la Kibondo Inahitaji Kujua Nini?

Tiketi ya karatasi ya basi la Kibondo kwenda Dar es Salaam, ile inayochanwa kwenye kitabu chenye kaboni, haikuwa na maswali mengi. Jina (hata "Mama Neema" lilikubalika), utokako na uendako, tarehe, namba ya basi, kiti, nauli, saa ya kuripoti. Mkatisha tiketi alijaza yote kwa kalamu huku akijibizana na wapiga debe, na foleni ikasogea.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipoyataka mabasi ya mikoani yahamie tiketi mtandao, hoja kubwa zilikuwa nauli na kodi: kila tiketi ionekane, abiria asizidishiwe, Serikali ipate chake. Kwa kazi hiyo inatosha kujua kiasi kilicholipwa, njia, tarehe na basi. Abiria ni nani, haihusu. Lakini mtengeneza mfumo akishafungua fomu kwenye kompyuta, kuongeza kisanduku hakumgharimu kitu. Ndipo vinapoingia jinsia, umri, utaifa, barua pepe na namba ya kitambulisho cha Taifa, yaani NIDA.

Jina linastahili kubaki, na kazi yake huonekana siku ya msiba. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, zaidi ya watu 220 walikufa kwenye chombo kilichoruhusiwa kubeba 101, na siku za mwanzo hakuna aliyeweza kusema waliopanda walikuwa wangapi. Mkatisha tiketi alikuwa amezama, na mashine yake imepotea. Kwa hiyo orodha ya abiria iwepo, na nakala yake ibaki ofisini kabla chombo hakijaondoka.

Simu nayo ina kazi: basi likichelewa au likiharibika Nyakanazi, abiria ajulishwe. Ila swali ninaloliona muhimu kuliko yote, ambalo fomu nyingi hazina, ni namba ya ndugu. Basi likianguka usiku, simu ya abiria itaita mfukoni mwake mwenyewe. Anayetakiwa kupigiwa yuko Kumsenga, nyumbani.

Sasa NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeiomba amechukua umri wako bila kuuliza. Na hakuna anachoongeza: tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uwe lazima, mwaka 2020, namba ya simu imeshafungwa kwenye NIDA, na polisi wenye sababu halali wana pa kuanzia. Isitoshe, vitambulisho hutolewa kuanzia miaka 18. Mwanafunzi wa sekondari anayerudi shule Kasulu huenda hana namba. Kisanduku kikiwa cha lazima, wakala ataandika yake mwenyewe au sifuri ishirini, basi safari iendelee. Hapo mwenye mfumo anajikuta na rundo la taarifa ambalo sehemu yake ni uongo na iliyobaki ni hatari.

Hatari hiyo ina uzito wake mkoani Kigoma, iliko Kibondo. Kibondo imepakana na Burundi. Kiha, lugha ya wenyeji, na Kirundi vinasikilizana. Kambi za wakimbizi zimekuwapo Nyarugusu, Kasulu, na Nduta, Kibondo. Barabarani Uhamiaji hukagua, na Muha aliyezaliwa hapa anajua adha ya kuulizwa uraia wake. Kazi hiyo ni ya Uhamiaji, na ina sheria zake. Kisanduku cha utaifa kwenye simu ya wakala wa stendi hakina. Daftari la zamani lilikaa kwenye droo. Orodha ya leo inapigwa picha na kutumwa WhatsApp kabla basi halijafika Kakonko.

Kuna anayesema kitambulisho huzuia walanguzi wa tiketi wa Desemba. Kweli, lakini anachohitaji kondakta ni kuona kwamba jina la tiketi ndilo lililo kwenye kitambulisho, akiwa mlangoni. Akishaona, amemaliza. Kuona si kuhifadhi, na wauza tiketi wengi wanayachanganya haya mawili.

Jinsia imeshafika hadi mahakamani. SNCF Connect, inayouza tiketi za treni Ufaransa, ilimlazimisha kila mnunuzi achague kati ya "Bwana" na "Bibi". Chama kiitwacho Mousse kikalalamika, na Januari 9, 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kujua hilo si lazima ili kumuuzia mtu tiketi: mteja anaweza kusalimiwa bila kutajiwa jinsia.

Sisi hatuhitaji kungoja Ulaya. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zisizidi kusudi hilo, wala zisikae kuliko inavyohitajika. Ningekuwa na basi, ningebakiza jina, simu, namba ya ndugu, safari na malipo. Safari ikiisha na muda wa madai ukapita, majina na namba za simu zifutwe. Hesabu za kodi zibaki.

Nawe msafiri, ukiombwa NIDA dirishani, uliza ni ya kazi gani na itatunzwa hadi lini. Una haki ya kuelezwa, na usipoelezwa, malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.