Zeze Halikukosea Sauti

Katika vyuo vyetu vya ualimu muziki ulifundishwa kwa do, re, mi. Ni kipimo kizuri, nacho kimewasaidia walimu wengi kuongoza kwaya. Lakini kipimo kimoja hakitoshi kwa vitu vyote. Hakuna anayepima maziwa kwa rula. Hapa Soweto, Mbeya, kinanda cha umeme husikika kwenye ibada za asubuhi hadi harusi za usiku, na masikio yetu yamelelewa nacho. Kwa hiyo mtu akisikia zeze la Kigogo husema upesi: "Limekosa sauti." Naomba, msomaji, tulipime neno hilo kwa kazi ya Hukwe Zawose.

Zawose alizaliwa Ugogoni, mkoani Dodoma, akakua akichunga mifugo. Alikuwa angali kijana pale Mwalimu Nyerere alipomwita Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, ajiunge na wasanii wa taifa. Baadaye alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Alipiga zeze na ilimba katika majukwaa ya nchi nyingi mpaka alipofariki Desemba 2003.

Mwito wa namna hiyo haukuwa wa kwanza duniani. Mwaka 1849 Ole Bull, bingwa wa fidla wa Norwe, alimpandisha jukwaani katika mji mkuu wa nchi yake mpigaji wa kijijini aliyejulikana kama Myllarguten. Fidla ya wakulima wa huko ina nyuzi nyingine chini ya zile zinazopigwa kwa upinde, nazo huvuma zenyewe. Leo Wanorwe huifundisha hadi katika chuo kikuu cha muziki. Hawakuitaka kwanza ifanane na fidla ya kawaida ndipo waiheshimu.

Sasa turudi kwenye zeze. Uzi uliokazwa ukigawanywa nusu, theluthi, robo na kuendelea, hutoa sauti zinazopandana kwa utaratibu wake wenyewe. Wagogo wamejenga uimbaji wao juu ya sauti hizo za asili. Sauti ya saba katika mfululizo huo haimo kwenye kinanda: iko chini ya noti iliyo karibu nayo kwa kiasi cha theluthi moja ya nusutoni. Ndiyo hiyo tunayoiita kosa. Kumbe kinanda ndicho kilichosogezwa kidogo ili kiweze kupiga nyimbo za kila ufunguo, na zeze limebaki pale uzi ulipolielekeza.

Kwa sababu hiyo, katika kanda za Zawose mimi naipa nafasi ya kwanza *Chibite*, iliyotoka mwaka 1996. Humo upinde unakwaruza, ilimba inajibu, na sauti yake inapanda hadi kuwa nyembamba kama filimbi kisha inashuka kifuani, bila kitu cha kuifunika. *Assembly*, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina uzuri wake. Gitaa limepigwa kwa adabu na usiku hupendeza kusikiliza. Lakini mivumo mirefu ya umeme imejaza mapengo ambamo zeze hupumulia. Anayeanza na kanda hiyo atampenda Zawose, ila atakuwa amemsikia akiwa nyuma ya pazia.

Kazi haikuzikwa pamoja naye. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu *Maisha*, wakiimba na kupiga vyombo ambavyo kwa desturi vilikuwa vya wanaume. Hiyo ni hatua kubwa kuliko sifa yoyote ya magazeti ya Ulaya.

Hata hivyo, ukoo mmoja hauwezi kubeba mzigo wa taifa. Zawose alipata mwalimu kwa kuwa alizaliwa nyumba yenye zeze. Mtoto wa Soweto mwenye sikio kama lake atalipata wapi? Akifika shuleni atapewa kinanda, na sauti aliyoijua kwa bibi yake itasahihishwa kwa wekundu. Walimu wenzangu, kabla hamjamsahihisha, mpeni uzi mmoja na kibuyu, mkae kimya, mumsikilize.