Wakili Kumbe na hasara ya kutafsiri tafsiri

Likizo ya Agosti mjukuu wangu aliniachia kidude chake cha michezo, Nintendo DS kuukuu yenye skrini mbili, akaniambia, "Babu, hii ni ya kusoma. Haina mbio wala bunduki." Nilikipokea shingo upande. Siku ya tatu alinijia kukidai nami nikaanza kutafuta visingizio.

Mchezo wenyewe unaitwa Phoenix Wright: Ace Attorney. Mtunzi wake, Shu Takumi wa kampuni ya Capcom nchini Japani, aliutoa kwanza 2001 kwenye Game Boy Advance. Mnamo 2005 ukahamishiwa DS, ukiwa sasa na tafsiri ya Kiingereza. Mchezaji ni wakili chipukizi wa utetezi. Hukusanya vielelezo, kisha humhoji shahidi sentensi baada ya sentensi mpaka aone panapogongana kauli na ushahidi.

Chukua kesi ya kwanza. Shahidi anaapa kwamba aliukuta mwili saa saba mchana. Ripoti ya daktari inasema marehemu aliuawa baada ya saa kumi alasiri. Shahidi anageuza: wakati aliusikia kwenye televisheni. Umeme ulikuwa umepotea! Basi ilikuwa saa ya mezani inayotamka wakati. Hapo ndipo mtego unapofyatuka. Marehemu alikuwa amerejea kutoka Paris, hajairekebisha saa yake, na saa kumi alasiri mjini Los Angeles ni saa saba usiku Paris. (Nikiwaza kwa Kiswahili niliona mtego mwingine ambao Takumi hakuuhitaji: sisi tunatazama mshale ulio kwenye moja na kutamka saba. Wakili mjanja wa Mombasa angepata saa sita za kuchezea kabla hata ya kufika Paris.)

Wasomaji wa riwaya ya upelelezi wamezoea kukaa kando. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, Bwana Msa huvuta kiko chake huku akijua mengi, nasi tunabaki na Najum tukingoja tufunuliwe. Mchezo huu haukuachi uwe Najum. Usipouona uongo, hadithi haisongi. Lakini nao una udhia wake. Mara mbili niliujua ukweli kabla ya wakili wangu, nikatoa kielelezo sahihi kwenye sentensi ambayo mtunzi hakuikusudia, jaji akaniadhibu. Makosa matano, kesi imekwisha. Hapo hutakiwi tena kufikiri, unatakiwa kubahatisha mawazo ya mtunzi.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni tafsiri. Alexander O. Smith, aliyeufasiri kwa Kiingereza, ni fundi, hilo sibishi. Shahidi wetu mwongo akamwita Sahwit, jina ambalo ukilitamka haraka ni "aliona" kwa Kiingereza. Kisa kizima kikahamishwa kutoka Japani hadi Los Angeles. Msichana msaidizi wa wakili, ambaye kwa Kijapani anapenda rameni, yaani tambi za mchuzi, akawa mpenzi wa hambaga. Sawa. Lakini mahakama ilibaki palepale. Jaji anaamua peke yake, kesi haipewi zaidi ya siku tatu, na mshtakiwa haponi mpaka wakili amtaje muuaji halisi. Hiyo ni kejeli ya nchi ambayo zaidi ya asilimia 99 ya wanaofikishwa kortini kwa makosa ya jinai hupatikana na hatia. Ukiipeleka Marekani, wanakoketi raia 12 kusikiliza kesi ya mauaji na kuamua, kejeli inageuka kioja tu. Mjukuu wangu alidhani mtunzi hajui sheria. Kumbe tafsiri ndiyo iliyobadilisha chakula ikaisahau korti!

Msomaji wa Kenya angeielewa mahakama hii upesi kuliko Mmarekani, kwani kwetu pia jaji huamua kesi ya mauaji bila jopo la raia. Na lugha yetu iko karibu na ile ya asili kuliko tunavyodhani. Jina la wakili kwa Kijapani ni Naruhodo, neno la mtu ambaye jambo limemdhihirikia ghafla. Kiingereza kilihangaika hadi kikapata Wright, kwa kuwa linasikika kama neno lao la "sahihi". Sisi tunalo neno lililo tayari: Wakili Kumbe.

Tena wakati wa kumtupia shahidi kielelezo, wakili hupiga kelele "Kurae!" Kitenzi hicho cha Kijapani kina maana ya kula, kula kwa pupa, na pia kupigwa au kupatwa na baya. Nani atatufundisha hilo sisi tunaokula kofi, kula hasara na kula kichapo? Vijana wa Nairobi husema "Kula hii!" bila kumsubiri mfasiri yeyote. Hapo tafsiri imekamilika, neno kwa neno, kutoka Kijapani moja kwa moja. Lakini atakayepitia Kiingereza, kama ilivyo ada yetu, atakuta "Take that!", aandike "Chukua hiyo!", na shahidi adhani anapewa zawadi.