Mali, Radhi na Mkono Uliokatwa

Katika mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu huko Unguja, alipiga chapa mjini London kitabu cha hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Miongoni mwake imo hadithi ya msichana aliyekatwa mkono na nduguye. Mwaka 1910 Andrew Lang aliitia kwa Kiingereza katika kitabu chake cha hadithi za watoto, na tangu hapo imesomwa mbali sana na kwao. Aghalabu imehesabiwa kuwa hadithi ya subira na malipo yake. Hukumu hiyo si ya uongo, lakini haitoshi. Na upungufu wake huonekana zaidi hadithi isomwapo Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, ambako kukatwa mkono si jambo la ngano tu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wazazi wakiwa katika kufa wawauliza watoto wao wawili: mwataka mali au radhi? Mwana wa kiume achagua mali, binti achagua radhi. Kaka amnyang'anya dada yake kila kitu, hata akabaki na mmea wa maboga anaouza matunda yake apate kula. Kaka aja kuukata mmea huo. Dada auwekea mkono kuukinga, na kisu chakata vyote viwili. Msichana akimbilia mwituni, mwana wa mfalme amwona juu ya mti, ampenda na kumwoa. Mumewe akiwa safarini, kaka afika mjini na kusema kwamba mwanamke huyo ni mchawi aliyeua waume, na kwamba mkono wake ulikatwa kwa adhabu. Afukuzwa pamoja na mtoto wake mchanga. Njiani amficha nyoka anayefukuzwa na adui, na nyoka huyo ndiye amwongozaye hata akaupata mkono wake.

La kwanza la kutazamwa ni sababu ya kisu. Msimuliaji hakusema kwamba kaka alipagawa, wala kwamba mila ilimwamuru. Alikata kwa ajili ya mali, na aliyekatwa ni wa damu yake. Hapa ngano ya Unguja yakutana na ile ya Wajerumani iliyochapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812, ambamo baba amkata binti yake mikono kwa kuwa amepatana na Shetani apate utajiri. Watu wawili wasiojuana, mmoja wa pwani ya Afrika na mmoja wa misitu ya Ulaya, wamesema neno lile lile: aukataye mkono huwa amekwisha kuupigia hesabu ya faida.

Mikoa ya Ziwa imelijua jambo hili kwa uchungu. Tangu mwaka 2007 habari za watu wenye ualbino kuuawa au kukatwa mikono na miguu zilienea Mwanza, Shinyanga, Geita na Kagera. Viungo vyao vilitafutwa kwa kuaminishwa kwamba huleta bahati katika machimbo ya dhahabu na katika uvuvi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo mahakama iliyokaa Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya kifo kwa mauaji ya namna hiyo. Waandishi wengi waliliita jambo hili ushirikina, wakaishia hapo. Lakini ushirikina ulikuwa dalali tu. Mnunuzi alikuwa tamaa. Na si mara moja jamaa wa karibu wamefikishwa mahakamani pamoja na wageni. Msimuliaji wa Unguja, aliyemtia kisu mkononi kaka mtu, aliliona jambo hili kwa macho makavu kuliko wengi walioandika baada yake.

La pili ni uongo wa kaka. Kukata mkono kulichukua dakika moja. Kuusemea kulimfuata dada mpaka mji wa ugenini. Kigutu huonekana na kila mtu, wala hakina ulimi wa kueleza kilivyopatikana; kwa hiyo asemaye kwanza ndiye aaminiwaye. Katika Hospitali ya Bugando, iliyo juu ya kilima cha Mwanza, walichunguzwa wagonjwa 162 waliokatwa mikono au miguu kati ya Machi 2008 na Februari 2010: sababu ya kwanza ilikuwa vidonda vya miguu vya kisukari, ya pili majeraha. Hata hivyo mtu atembeaye kwa magongo sokoni hubebeshwa kisa na kila ampitaye: huyu ni mwizi, yule amelogwa. Hasara ya mwili huwa moja, na masimulizi ya wengine huwa hasara juu ya hasara.

Hata lugha imeshiriki. Neno "kiungo" latokana na kuunga: ni kile kiunganishwacho na kingine, na peke yake hakina maana. Magazeti yalipoandika mara kwa mara "viungo vya albino", kana kwamba ni jina la bidhaa, yalikitenga kiungo na mwenyewe katika sentensi kama panga lilivyokitenga katika mwili. Kosa hilo si la sarufi, lakini ni kosa.

La tatu ndilo kilele cha hadithi. Mtoto azama majini. Mama amtafuta kwa mkono mzima, hamwoni. Nyoka amwambia atie na ule mwingine. Mama ashangaa: kigutu kitafaa nini? Akitia, ampata mtoto, na mkono umerudi. Wengi huona muujiza hapa, na kupita. Lakini kabla ya muujiza pana maarifa: kilichokatwa chatakiwa kitafute. Mwaka 1871, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Steere, daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell aliandika juu ya askari waliohisi maumivu na mwendo katika viungo walivyokwisha kupoteza, akaviita vizuka vya viungo. Aliyekatwa mkono huendelea kuunyosha kwa moyo: kumshika mtoto, kufunga kanga, kuvuta wavu. Msimuliaji hakuwa tabibu. Alijua tu kwamba mama huyo angali ana mikono miwili ya kutafutia.

Baada ya sifa hizo haifai kuficha ila ya hadithi. Mwanamke huyu apata kusimulia habari zake zote, mbele ya mfalme, mumewe na kaka yake, baada ya mkono kurudi. Alipokuwa na kigutu alisemewa. Alipokuwa mzima alisikilizwa. Msimuliaji, aliyemhurumia sana, hakuthubutu kumpa baraza kabla ya kumponya. Kando ya Ziwa maji hayarudishi mkono. Wapo waliopata mkono wa bandia, nao hufaa kazi, lakini hauhisi joto la mtoto. Watoto wenye ualbino waliopelekwa kulindwa katika Shule ya Mitindo, Misungwi, walitengwa na nyumba zao kwa ajili ya viungo walivyokuwa navyo bado. Hata wasioguswa na panga walikatwa kitu.

Kwa hiyo mwandishi wa leo anayetaka kuandika juu ya jambo hili asiiige hadithi ya Unguja katika mwisho wake, bali katika mwanzo na katikati: ataje mali pale ilipo mali, amtaje ndugu pale alipo ndugu, na akione kigutu kuwa sehemu ya mtu atafutaye. Kisha aongeze kile ambacho msimuliaji wa Steere alikiacha. Ampe mwanamke baraza akiwa na mkono mmoja, aseme mwenyewe nani alimkata na kwa faida gani, na mfalme asikilize mpaka mwisho.