Hadithi za Watu Wahamao

Wako waandishi wapendao kutunga hadithi za “lau”. Husema: lau watu wa Athene wangalipanda merikebu zao mwaka 480 K.K., Waajemi walipowavamia, wakahamia Siris katika Italia kama Themistocles alivyotishia, wangalijenga Athene mpya iliyo kamili. Hadithi hizo twaona zina kasoro: zahesabu merikebu, hazihesabu mioyo.

Herodotus wa kale aliandika vema zaidi. Atuambia habari za Wagiriki wa Phocaea, waliozingirwa na jeshi la Koreshi, yule aliyewapa Wayahudi ruhusa ya kurudi Yerusalemu. Walipakia wake na watoto, wakatweka tanga. Wakazamisha chuma baharini, wakaapa kwamba hawatarudi hata chuma hicho kitakapoelea. Walakini zaidi ya nusu yao walishikwa na hamu ya mji wao, wakavunja kiapo, wakarudi. Waliosalia wakaenda Corsica.

Sisi wa Kaloleni tunacho kipimo cha maneno hayo, maana Tengeru si mbali. Tangu mwaka 1942 walikaa huko watu wa Polandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliohamishwa kwao kwa nguvu wakapitia Siberia na Uajemi. Walijenga kanisa na shule, wakawafundisha watoto lugha ya kwao. Vita ilipokwisha wengi hawakurudi, wakatawanyika hata Uingereza na Australia. Makaburi ya wenzao yangalipo Tengeru.

Basi, msomaji, usomapo hadithi ya wahamaji, uliza: je, mwandishi amewataja watazamao nyuma? Kama hakuwataja, hajui kuhama ni nini.