Mwitu wa Waathshe

Katika hadithi ya Ursula K. Le Guin iliyotolewa mwaka 1972, Waathshe, watu wafupi wenye manyoya ya kijani, wana neno moja kwa msitu na ulimwengu. Wanaume wao huota wakiwa macho. Wanawake hutawala miji. Wageni wajao kukata miti huona mbao tu. Nasi tusemao “paka mwitu” hatuna budi kujihoji: kwetu mwitu ni pasipofugwa, kwao ni nyumbani.

Kasoro ya hadithi ni Kapteni Davidson, mwovu mtupu. Nguvu yake ni Selver, aletaye kwa watu wake jambo wasilolizoea: kuua. Hivyo mila zilizoelezwa si pambo; ndizo zinazopotezwa. Mti uliokatwa huota tena. Aliyejifunza kuua hawezi kutojua tena.