Mbwa Yuko Getini: Kuhakiki Karatasi ya Kufikiri kwa Maneno

Jumamosi asubuhi, Lavington. Mwanafunzi wangu ana miaka 10. Mezani kuna kitabu cha mazoezi kilichochapishwa Uingereza, chai ya maziwa, na mandazi ambayo hatuyagusi mpaka ukurasa uishe. Swali la 14, nikilitafsiri, linauliza hivi: nguruwe kwa banda ni kama mbwa kwa nini? Majibu ya kuchagua ni matano: mfupa, mkia, mnyororo, geti, kibanda.

Akachagua geti.

Nikamwuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Nguruwe unampata kwa banda. Mbwa unampata kwa geti. Si hata imeandikwa? Mbwa Kali."

Jibu lililo nyuma ya kitabu ni kibanda. Nikaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, tukaenda swali la 15. Lakini jioni, nikiwa ndani ya matatu narudi nyumbani, lile geti lilikataa kunitoka kichwani.

Kazi yangu ni tuisheni. Si ile ya likizo ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliipiga marufuku. Yangu ni ya nyumbani, mwalimu mmoja mtoto mmoja, kwa familia zinazotafuta nafasi katika shule za kibinafsi zinazofuata mtaala wa Uingereza, zile ambazo karo ya mwaka inaweza kuvuka shilingi milioni 1. Mtoto anayetaka kuingia huko hupewa Hesabu, hupewa Kiingereza, halafu mara nyingi hupewa karatasi ya tatu ambayo haina somo. Kufikiri kwa maneno. Linganisha jozi mbili. Toa neno lisilo la ukoo. Vunja msimbo wa herufi. Tafuta neno lililojificha pale maneno mawili yanapokutana. Shule nyingine hutumia mtihani uitwao CAT4, ambao sehemu yake ya maneno ina mambo mawili tu: kuyapanga maneno katika makundi na kuyalinganisha. Alama ya wastani ni 100. Kuna wazazi ambao huniambia namba ya mtoto kabla hawajaniambia jina lake.

Hapa tumezoea kuhakiki riwaya na filamu. Leo naomba tuhakiki karatasi hii, kwa sababu nayo ni maandishi. Ina msimulizi, ina mandhari, na ina msomaji inayemdhania.

Mandhari yake ni rahisi kuyachora. Ni kijiji cha Uingereza. Sebuleni kuna mahali pa kuotea moto. Nje kuna theluji na ua uliokatwa sawasawa. Shangazi anaoka keki, gari moshi linafika saa 3 na dakika 20 bila kuchelewa, na msituni kuna mnyama mwenye mistari usoni, jamaa wa mbali wa nyegere, ambaye mimi mwenyewe niliona picha yake mara ya kwanza nikiwa na miaka 26, nikijiandaa kumfundisha mtoto wa mtu. Katika kijiji hiki kila mnyama ana nyumba yenye jina lake maalum: ya nguruwe peke yake, ya sungura peke yake, ya mbwa peke yake. Kwa Kiswahili swali la 14 linaanza kuyumba kabla hata ya kujibiwa, maana banda ni la nguruwe, la kuku, la ng'ombe, na hata la fundi wa viatu pale stejini.

Msimulizi hajitaji. Anasema tu "chagua". Ana sauti ya mtu asiye na kwao, mtu anayesema kutoka kila mahali. Huo ndio ujanja mkubwa wa utanzu huu: unajitangaza kwamba haupimi ulichofundishwa, unapima jinsi unavyofikiri. Na mwanafunzi wangu alifikiri vizuri. Alitafuta uhusiano wa jozi ya kwanza, akaupata: mahali unapomkuta mnyama. Akauhamishia jozi ya pili bila kuupindisha. Alichokosa si mantiki. Alikosa kile kijumba cha mbao chenye paa, ambacho mbwa wa kwao hajawahi kukiona.

Sisi pia tuna utanzu wetu wa kupimana akili kwa maneno. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Ukishindwa, unaombwa mji. Utasema, nakupa Mombasa. Yule anaenda Mombasa, anatembea, anakula, anarudi na kukupa jibu: yai. Hebu tazama mkataba ulio hapo. Anayeuliza ameketi mbele yako. Mnaishi kijiji kimoja na mnajua mayai ya kuku walewale. Ukishindwa, unatoa mji wa kubuni na unaondoka na jibu la kweli. Karatasi imeugeuza mkataba huo juu chini. Anayeuliza hayupo, kijiji si chenu, unachotoa ni nafasi ya kweli, na siku ya mtihani jibu huambiwi.

Lakini tusijidanganye ati dhambi hii ni ya Mwingereza peke yake. Tuliofanya KCPE, iliyoanza 1985 na kufungwa 2023, tunakumbuka maswali ya methali kwenye karatasi ya Kiswahili. Mtoto wa Marsabit alitakiwa kuzielewa methali za chombo, tanga na usukani, wakati chombo alichokijua ni cha kuteka maji. Hatukufikiri hapo. Tulikariri kijitabu chenye methali mia kadhaa, tukapata alama, tukaita hiyo akili. Kijiji cha mtu mwingine kinaweza kuwa cha Uingereza, na kinaweza pia kuwa cha pwani yetu wenyewe.

Historia ya karatasi hii ina jambo ambalo lilinishtua, kwa sababu nilitarajia kumkuta mtu mbaya mwanzoni mwake. Nilimkuta Godfrey Thomson. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mwalimu huyu alitunga majaribio ya akili kwa ajili ya jimbo la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Lengo lilikuwa kuwapata watoto werevu wa shule za mashambani, ambao hakuna aliyekuwa akiwapeleka sekondari. Mtihani wa kawaida ulipima walichofundishwa, na walikuwa wamefundishwa kidogo. Thomson alitaka kitu ambacho kingemwona mtoto bila kuangalia shule yake. Baadaye, akiwa Edinburgh, majaribio yake ya Moray House yalienea, na baada ya sheria ya elimu ya 1944 maelfu kwa maelfu ya watoto wa Uingereza walikuwa wakipangwa wakiwa na miaka 11: huyu aende shule ya wasomi, yule abaki. Pesa za majaribio yale Thomson hakujiwekea mfukoni. Alizielekeza kwenye utafiti.

Kwa hivyo mtihani huu ulizaliwa ili kumtafuta mtoto wa kijijini. Leo, Nairobi, mimi hulipwa kwa saa ili kumwandaa mtoto wa Lavington aufanye.

Marekani hadithi ina ukungu mzito zaidi. Carl Brigham, aliyeongoza utungaji wa SAT ya kwanza mwaka 1926, alikuwa amechapisha kitabu mwaka 1923 akidai kwamba majaribio ya akili yanaonyesha kuna watu wa asili fulani walio juu ya wengine. Mwaka 1930 aliyakana madai hayo kwa maandishi, lakini mtihani ulikuwa tayari umeshika njia yake. Swali moja la SAT lilikuja kuwa maarufu kwa ubaya: mkimbiaji kwa marathoni ni kama mpiga makasia kwa nini? Jibu lilikuwa mashindano ya mashua, kwa jina lake la Kiingereza ambalo hutumiwa zaidi na watu wenye vilabu vya mashua. Maswali ya milinganisho yaliondolewa kwenye SAT mwaka 2005. Mimi hulipenda swali hilo kwa sababu ya kitu kimoja: nusu ya kwanza, Mkenya yeyote analala nayo. Nusu ya pili, ukiliuliza kwa Kiswahili, mtoto wa Lamu atalijibu akicheka, maana mashindano ya mashua ni sherehe ya kwao. Lugha ndiyo ingeamua nani aonekane mjinga.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jambo hilihili katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986. Wakati wa ukoloni, aliyeanguka karatasi ya Kiingereza alianguka mtihani wote, hata kama masomo mengine ameyapasua. Anamkumbuka kijana wa darasa lake aliyefaulu vizuri kila kitu isipokuwa Kiingereza. Ngũgĩ alienda Alliance. Yule kijana akaishia kuwa utingo wa basi. Tofauti na leo ni kwamba zamani mlango ulijulikana kuwa ni Kiingereza. Sasa mlango uleule umepakwa rangi na kuandikwa "Kufikiri".

Sasa niseme kuhusu kazi yangu, maana mhakiki anayekula kutoka kwa kitabu anachokihakiki lazima aonyeshe sahani yake. Tunaambiwa mtihani wa aina hii hauhitaji kuandaliwa. Kama ni kweli hauandaliki, basi mimi nawaibia wazazi. Kama unaandalika, basi sehemu ya kinachopimwa ni idadi ya Jumamosi ambazo mzazi anaweza kuzilipia. Hakuna mlango wa tatu. Na nimeona kwa macho yangu kwamba unaandalika. Vitabu vya mazoezi hugawa maswali katika aina 21. Ukizijua zote, nusu ya hofu imeisha. Mtoto hujifunza kutunga sentensi fupi kati ya maneno mawili, kuruka swali linalomla muda, kukata majibu yaliyo wazi kuwa si yenyewe. Zaidi ya yote, hujifunza kuacha kujiuliza "mbwa yuko wapi?" na kuanza kujiuliza "yule mtu wa mbali anadhani mbwa yuko wapi?" Huo ni ustadi wa kweli, ni uleule tunaoutumia kumsoma mwandishi yeyote. Lakini kuna vile unamfundisha mtoto, wiki baada ya wiki, kwamba macho yake mwenyewe ndiyo hatari kubwa katika chumba cha mtihani.

Mtoto wa dada yangu anaishi Kayole. Naye ana miaka 10. Jumapili moja nilimpa kurasa zilezile, bure, kwenye kochi, TV ikiwa imewashwa. Kwenye misimbo ya herufi alinipita mwendo. Nilimtungia moja ya Kiswahili: kama MAJI ni JIMA, GARI ni nini? "Riga. Hii si ni kama stori kuwa risto?" Bila shaka. Watoto wa pwani wamecheza kinyume tangu zamani na watoto wa mtaa wanageuza silabi kila siku. Ujuzi huo vitabu vya tuisheni huuza kama bidhaa mpya, na yeye ameuokota nje ya duka.

Halafu tukafika kwa mbwa. Akachagua mnyororo.

"Kwa sababu nguruwe hawezi toka kwa banda. Na mbwa hawezi toka kwa mnyororo. Mchana."

Kwa hivyo nina majibu matatu. Lavington, mbwa yuko getini. Kayole, mbwa yuko kwenye mnyororo. Kitabuni, mbwa yuko kibandani. Watoto wawili walitafuta uhusiano, wote wakaupata, na kila mmoja akanichorea mtaa wake kwa neno moja. Kama ningekuwa nasahihisha insha, ningewapa wote alama. Tofauti ni kwamba huyu wa Lavington atarudi Jumamosi ijayo na kosa lake litasuguliwa mpaka litoke. Wa Kayole nilimwambia jibu mara moja, nikaangalia saa, nikaondoka. Jumapili sina nafasi nyingi. Pesa ninazolipwa Lavington ndizo huchangia karo yake, na hapo hesabu yangu ya kujitetea huanza na kuishia.

Sisemi karatasi yote ichomwe. Kuna maswali ndani yake ninayoyaonea wivu kama mwandishi. Msimbo mzuri hubeba kila kitu unachohitaji: mfano huu hapa, kanuni imo ndani, nenda. Swali la nani ameketi kando ya nani halijali kama umewahi kuona theluji. Hayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na ndoto ya Thomson. Yanayooza ni yale yanayoficha kijiji ndani ya neno kisha kumlaumu mtoto kwa kutozaliwa huko. Na kuna dawa isiyo ghali. Shule inayotaka kweli kujua mtoto anavyofikiri imwulize swali moja zaidi baada ya kuchagua: kwa nini? Mimi niliuliza, na kila mtoto alitumia chini ya dakika moja kunijibu.

Yule wa Lavington alifanya mtihani wake na akapata nafasi. Mama yake alinitumia ujumbe wenye mikono mingi ya kupiga makofi. Jumamosi ya mwisho hatukufungua kitabu. Tulikula mandazi kwanza, halafu akasema sasa ni zamu yake kunipa swali.

"Mbwa kwa geti ni kama mwalimu kwa nini?"

Nikajibu, darasa.

"Hapana," akasema, mdomo umejaa. "Ni geti pia. Si kila Jumamosi unasimamanga hapo mpaka askari apigie mum simu?"